Watabiri wa Marekani na bahari ya Pemba

SWALI: Assalaam alaykum mhariri. Nimesikia redioni kuwa wabunge wa Marekani wanataka sheria ya kuwarejesha watabiri wa hali ya hewa waliopunguzwa, pamoja na mipango ya kujikinga na maafa. Sisi tunaovua kati ya Pemba na Tanga na kutazama upepo kwenye simu, yatuhusu nini? (Mvuvi, Mkoani)

JIBU: Wa alaykum salaam. Yanakuhusu kidogo. Programu nyingi za bure za upepo huchota namba zake kwenye GFS, modeli (utabiri wa kompyuta) ya serikali ya Marekani inayopigiwa hesabu mara nne kwa siku, kuanzia saa tisa usiku kwa saa zetu. Hulishwa na satelaiti, meli, ndege na maputo ya kupimia hewa yanayorushwa sehemu nyingi duniani. Mwaka 2025 idara yao ya hali ya hewa ilipoteza mamia ya wafanyakazi, na baadhi ya vituo vikapunguza kurusha maputo kwa kukosa watu. Pengo hilo haligeuzi upepo wa kesho Mkoani. Likihisika, ni kwenye siku ya tano na kuendelea, nazo hizo zitumie kupangia dago (kambi ya uvuvi wa mbali) tu.

Mswada wenyewe usiutegemee upesi. Lazima upite mabaraza yao mawili kwa maneno yale yale, rais atie saini, kisha fedha zipitishwe kwa sheria nyingine. Na mtabiri mpya kazini haachiwi zamu ya usiku peke yake siku ya kwanza.

Hatari kubwa zaidi ni namna simu inavyosomwa. Namba za GFS zinazotolewa kwa umma huwa za vipande vya eneo vyenye upana wa kilomita 28 hivi, na Pemba haina upana huo. Kwa upana, kisiwa kinaweza kumezwa ndani ya kipande kimoja. Tena namba ya kwanza ni wastani wa upepo, dharuba huandikwa pembeni. TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, hutoa indhari upepo unapofika kilomita 40 kwa saa na mawimbi mita 2. Kwenye simu, kilomita hizo 40 ni noti (knots) 22 hivi. Ngalawa isingoje kufika hapo. Wakati wa kaskazi angalia zaidi: mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini, upepo unaukabili, na mawimbi husimama mafupi na makali hata kwa upepo ambao simu inauita wa wastani.

SWALI: Hapa Zanzibar tukitaka watabiri na maandalizi ya maafa viongezwe, tumshike nani? (Mjumbe wa kamati ya shehia, Micheweni)

JIBU: Milango ni miwili, na wengi hubisha mmoja. Hali ya hewa ni jambo la Muungano: TMA inafanya kazi kwa Sheria Na. 2 ya 2019, hivyo ajira za watabiri mwulize mbunge wako wa Dodoma. Maafa si ya Muungano. Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa ipo kwa sheria yetu, Na. 1 ya 2015, na bajeti yake hupita Baraza la Wawakilishi, Chukwani.

Kwenye kamati yenu ulizeni kwanza jambo lisilohitaji fedha: indhari ikitoka usiku na mtandao umekatika, nani anakwenda bandarini kuwaambia wanaojiandaa kutoka alfajiri, na asipokuwepo, nani wa pili?