Maswali ya wasomaji: Sarafu zilizotumika au mpya?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Mimi msomaji wenu niko Nkuhungu hapa Dodoma. Marehemu babu alikuwa mtu wa reli, ametuachia kopo limejaa sarafu, kuna senti tano za samaki, shilingi za 1966 zenye sura ya Mwalimu, na zile za tundu za enzi za Mwingereza, ila nyingi zimechakaa na kuwa nyeusi. Nimependa nianze kukusanya kabisa. Sasa pale Majengo kuna jamaa anauza shilingi ya 66 inang'aa balaa, bei yake imesimama, anasema zilizotumika hazina maana, za babu nizisugue kwa ndimu na majivu. Nimsikilize?

JIBU: Mdogo wangu, poleni kwa kuondokewa na babu. Hiyo ndimu iache kabisa, tafadhali sana. Asidi inakula uso wa sarafu, majivu yanakwaruza, na ile rangi iliyokuja taratibu kwa miaka yote hiyo ukishaitoa hairudi, mtu anayezijua akiishika tu anaona imesafishwa na bei inashuka hapohapo.

Halafu kung'aa sio ushahidi kwamba sarafu haijatumika. Sarafu ikigongwa kiwandani madini yanasukumwa kwa nguvu kuelekea pembeni, yanaacha vimistari vidogo sana ambavyo ndivyo vinashika mwanga, ndo maana mpya kweli ukiiinamisha juani taratibu unaona mwanga unazunguka uso mzima. Iliyosuguliwa inameremeta palepale, mwanga hauzunguki, na ukiweka lenzi unaona mikwaruzo imelala upande mmoja. Kwenye shilingi ya 66 mtazame Mwalimu shavuni na kwenye nywele juu ya sikio, sehemu zilizoinuka ndo zinaanza kulika, kama nywele zimekuwa bapa basi hiyo imepita mikononi, jamaa aseme atakavyosema. Vidonda vidogo vidogo peke yake visikutishe, hata mpya zinagongana kwenye mifuko kabla hazijatoka. Wakusanyaji wana kipimo cha 1 mpaka 70, kuanzia 60 ndio isiyotumika, na kati ya 58 na 60 kinachotofautisha ni kulika kidogo tu ambako mgeni hawezi kukuona, kwa hiyo usilipe bei ya mpya wakati jicho lako bado halijazoea. Mwambie mtoke naye juani. Akikataa, achana nayo.

Msimamo wangu mimi ni huu, za zamani kusanya zilizotumika, za sasa kusanya mpya. Za zamani zilizotumika bado zinapatikana kwa hela ndogo na seti unaweza kuikamilisha, 1966 tulianza na senti 5 ya samaki, 20 ya mbuni, 50 ya sungura na shilingi ya mwenge, senti 10 ya pundamilia ikaja 1977, na nusu ya hizo naona tayari unazo. Sasa kwa kuwa babu alikuwa wa reli, lichambue hilo kopo moja moja. Mwaka 1916 Mjerumani alikuwa amezibiwa bahari na Mwingereza, sarafu zimemwishia, akaanza kugonga za kwake Tabora kwenye karakana ya reli, heller 20 (heller ilikuwa hela ndogo ya Mjerumani) zenye D.O.A., kifupi cha jina la koloni lake la Afrika Mashariki, na herufi T ya Tabora, na za dhahabu za rupia 15 zenye tembo, dhahabu yenyewe ya Sekenke huko Singida, jirani zetu hapa. Ziligongwa haraka haraka kwa vifaa vilivyokuwepo, kwa hiyo ukiikuta heller ina sehemu hafifu usikimbilie kusema imechakaa, nyingine zilitoka karakanani zikiwa hivyohivyo.

Za sasa ni kinyume. Sarafu ya jero yenye Karume na nyati imeingia 2014, konda akikurudishia chenji ukakuta moja bado mpya haina mkwaruzo, usiitumie, gharama yake ni jero ileile na ukibadili mawazo unanunulia maji. Usingoje ichakae ndo uanze kuitafuta mpya kwa watu.

Kuhusu kutunza, ukavu wa Dodoma unakusaidia sana kuliko mtu wa pwani, adui yako hapa ni vumbi. Usifute sarafu kwa kitambaa hata kama ni laini, lile vumbi linageuka msasa. Shika kwa ukingo, maana kidole kwenye shaba kinaacha alama inayobaki, zitoe humo kwenye kopo zinakogongana, kila moja bahasha yake ya karatasi kavu, na vile vimfuko vya plastiki laini vyenye harufu usiviguse, baada ya muda vinatoa utomvu wa kijani unaokula sarafu.

Juu ya bahasha andika mwaka na ilikotoka. Na ukikuta yenye T, usiioshe, piga picha pande zote mbili ututumie tuiangalie.