Kabla hujauliza maisha ya Kanada, uliza Kanada ipi

Haipiti wiki bila ujumbe wa WhatsApp kutoka nyumbani, wa mdogo wangu au wa rafiki wa mdogo wangu: "Kaka, huko Kanada kuna maisha?" Swali langu la kwanza huwa lile lile: Kanada ipi? Wengine hudhani nawazungusha. Siwazungushi. Nimeishi Montreal, sasa naishi Winnipeg, na kati ya miji hii miwili kuna tofauti ya lugha, ya sheria, ya baridi, ya kodi ya nyumba, hata ya historia ambayo watu bado wanabishana juu yake. Wengi wetu tunachagua mji kwa sababu binamu yuko pale. Si vibaya, kuwa na ndugu ugenini ni neema. Ila ndugu asiwe sababu pekee.

Anza na ramani. Kanada ina karibu kilomita za mraba milioni 10, ya pili duniani kwa ukubwa baada ya Urusi. Tanzania yote, bara na visiwani, inaingia humo mara kumi na nafasi inabaki. Nchi ina kanda sita za saa, na kisiwa cha Newfoundland, mashariki kabisa, saa zake zinapishana na za jirani kwa nusu saa. Aliyeko St. John's, mji mkuu wa jimbo lenye kisiwa hicho, yuko karibu zaidi na London ya Uingereza kuliko alivyo karibu na Vancouver. Kwa hiyo ukisema "nina shangazi Kanada, atanipokea", jua kwanza shangazi yuko wapi na ndege yako inatua wapi. Toronto hadi Vancouver kwa barabara ni zaidi ya kilomita 4,000, na nauli ya ndege ya ndani si ya kuichukulia kirahisi.

Ukubwa wote huo, lakini watu walivuka milioni 40 mwaka 2023 tu, na karibu theluthi mbili yao wanaishi ndani ya kilomita 100 kutoka mpaka wa Marekani. Chanzo ni ardhi yenyewe. Karibu nusu ya nchi imekaliwa na Ngao ya Kanada, mwamba wa kale mno uliokwanguliwa na barafu za zama zilizopita, ukabaki na udongo mwembamba, misitu na maziwa yasiyo na idadi. Hapo hulimi mahindi. Ukipanda kaskazini zaidi unakuta ardhi iliyoganda mwaka mzima. Nunavut, eneo lililoanzishwa rasmi tarehe 1 Aprili 1999, lina kilomita za mraba zipatazo milioni 2, na sensa ya 2021 ilikuta humo watu wasiofika 40,000, wengi wao Wainuiti, wenyeji wa kaskazini. Hakuna barabara inayounganisha makazi yao na sehemu nyingine za nchi. Bidhaa huenda kwa ndege, au kwa meli barafu ya bahari inapoyeyuka kiangazi, na bei ya nyanya inafuata safari hiyo. Wakikutangazia kazi yenye mshahara mnono huko, piga hesabu ya chakula kabla ya kufurahi.

Kwa ndugu zangu wa Mwanza, Bukoba na Kisumu: katika maziwa ya maji baridi, linaloizidi Victoria kwa eneo ni moja tu duniani, Superior, nalo liko huku, Kanada ikiligawana na Marekani. Na mlima Logan, katika eneo la Yukon, una mita 5,959. Kilimanjaro ina 5,895.

Sasa baridi, maana ndiyo kila mtu anaiuliza. Usiseme "Kanada ni baridi" ukaishia hapo. Vancouver iko kwenye Bahari ya Pasifiki na bahari inaipunguzia makali. Majira ya baridi huko ni mvua zaidi kuliko theluji. Calgary hupigwa na upepo mkavu unaoshuka kutoka milimani, na siku ileile ulioamka umejikunyata unaweza kuona theluji ikiyeyuka barabarani. Winnipeg iko katikati ya bara, mbali na kila bahari, na Januari nyuzi 30 chini ya sifuri si habari ya kumpigia mtu simu.

Hapa kwetu magari mengi yana waya mfupi wenye plagi unaoning'inia mbele, karibu na grili. Usiku unauchomeka kwenye soketi iliyo kwenye nguzo ya maegesho, nao unapasha injini joto ili asubuhi oili isiwe nzito na gari likawake. Unapotafuta nyumba ya kupanga Winnipeg, Regina au Edmonton, uliza kama maegesho yana hiyo soketi, na kama umeme wake umo ndani ya kodi. Hakuna wakala atakayekuambia usipouliza.

Koti usilinunue Kariakoo. Njoo na sweta, kofia na soksi nzito za kukufikisha kutoka uwanja wa ndege hadi nyumbani, mengine utayapata huku: vituo vya kupokea wageni, makanisa na misikiti hugawa makoti, na maduka ya mitumba yana mazuri kwa bei ndogo. Pesa yako iweke kwenye buti. Mwenye watoto ajue pia kwamba shule huwatoa nje kucheza hata nyuzi 15 au 20 chini ya sifuri. Mtoto asiye na suruali ya theluji na glavu ndiye atakayeteseka, na mwalimu atakuandikia barua. Halafu kuna giza. Edmonton, katikati ya Desemba, jua linachomoza saa tatu kasoro za asubuhi na kuzama kama saa kumi na robo jioni. Unaingia kazini gizani, unatoka gizani. Nimeona watu wenye nguvu wakinyong'onyea kwa hilo kuliko kwa baridi. Toka nje mchana hata kwa nusu saa, na ukihisi moyo mzito wiki baada ya wiki, mwone daktari mapema.

Kutaja daktari kunanileta kwenye jambo linalowachanganya wengi: afya, shule na leseni nyingi za kazi ziko mikononi mwa majimbo, hazishikwi na serikali kuu ya Ottawa. Hii ni historia tupu. Tarehe 1 Julai 1867 makoloni ya Uingereza yaliungana, yakatoka majimbo manne: Ontario, Quebec, New Brunswick na Nova Scotia. Quebec, yenye Wafaransa Wakatoliki wengi, isingekubali kuungana kama shule na sheria zake za kiraia zingeamuliwa na wengine. Basi mambo hayo yakaachiwa majimbo, na leo majimbo ni 10, pamoja na maeneo matatu ya kaskazini.

Kwako wewe maana yake ni hii. Kadi ya afya unapewa na jimbo, na ukihamia jimbo lingine unaomba nyingine. British Columbia na Quebec zinaweza kukusubirisha hadi miezi mitatu kabla bima ya jimbo haijaanza, kwa hiyo uwe na bima ya kukuvusha. Muuguzi, mwalimu au fundi umeme husajiliwa na chombo cha jimbo husika. Namfahamu dada mmoja muuguzi aliyetuma vyeti vyake Ontario, akamaliza kila kitu, kisha mume akapata kazi Montreal. Ikabidi aanze na chombo cha huko, na cha huko kinataka Kifaransa. Amueni mji kwanza, vyeti vifuate.

Quebec inahitaji maelezo yake. Samuel de Champlain alianzisha mji wa Quebec mwaka 1608. Mwaka 1759 jeshi la Uingereza liliwashinda Wafaransa nje ya kuta za mji huo, na mkataba wa 1763 ukaikabidhi nchi kwa mfalme wa Uingereza. Walioshindwa hawakuondoka, na mwaka 1774 Uingereza yenyewe ikawaruhusu wabaki na dini yao na sheria zao za kiraia. Sheria ya mwaka 1977 ikafanya Kifaransa kuwa lugha ya kazi, biashara na shule. Watoto wa wahamiaji, isipokuwa wachache, husoma shule za Kifaransa. Mwaka 1995 jimbo lilipiga kura ya kujitenga, na waliokataa walishinda kwa asilimia 50.58. Ukijua hayo, hutashangaa muuza duka akikunja uso unapomwanzia Kiingereza bila salamu. Sema "Bonjour" kwanza, hata kama ndilo neno lako pekee. Mlango hufunguka.

Ndugu zetu Wakongo na Warundi waliosoma kwa Kifaransa wana mtaji mkubwa hapo, Montreal, Gatineau au mji wa Quebec, na wasisahau Moncton, katika New Brunswick, jimbo pekee lenye lugha rasmi mbili. Mtanzania au Mkenya mwenye Kiingereza tu anaweza kuishi Montreal, lakini kazi zitampita. Masomo ya Kifaransa ya serikali ya jimbo ni bure kwa wageni wengi. Jiandikishe wiki ya kwanza, usingoje uzoee.

Na nyumba: tangazo la Montreal likisema 4½, ni vyumba vinne ukihesabu jiko na sebule, na ile nusu ni bafu. Kwa hiyo vya kulala ni viwili. Mikataba mingi ya pango huisha Juni 30, hivyo Julai 1, wakati Kanada nyingine inasherehekea siku ya taifa, Montreal inahama. Ngazi za nje zimejaa watu na friji, makochi yameachwa kando ya njia, na gari la kukodi halipatikani usipoliweka miezi kabla. Anayefika Agosti hukuta mabaki. Tafuta Februari au Machi.

Miaka ya kwanza Winnipeg ndiyo iliyonifundisha upande ambao vijarida vya uhamiaji havisemi sawasawa. Mwaka 1670 mfalme wa Uingereza aliipa kampuni ya Hudson's Bay haki juu ya ardhi yote ambayo mito yake humwaga kwenye ghuba ya jina hilo, ili ifanye biashara ya manyoya ya biva, mnyama wa majini anayekata miti kwa meno. Waliokuwa wakiishi humo hawakuulizwa. Miaka 200 baadaye ardhi hiyo ikauzwa kwa Kanada, na tena hawakuulizwa. Wametisi, uzao wa Wazungu wa biashara hiyo na wanawake wenyeji, waligoma chini ya Louis Riel, na kutokana na mgomo wao jimbo la Manitoba likazaliwa mwaka 1870. Riel alinyongwa Regina tarehe 16 Novemba 1885, siku tisa baada ya reli ya kuunganisha mashariki na magharibi kukamilika. Reli ile ilijengwa pia na Wachina wapatao 15,000. Mwaka uleule serikali ikawatoza wenzao kodi ya kichwa ili wasiendelee kuja. Kaburi la Riel liko mbele ya kanisa kuu la Saint-Boniface, hapa mjini, na Jumatatu ya tatu ya Februari Manitoba hupumzika kwa heshima yake.

Kisha shule za bweni. Watoto wenyeji zaidi ya 150,000 walipitishwa katika shule hizo za serikali na makanisa, wengi wakichukuliwa kwa nguvu, wakikatazwa lugha zao. Maelfu walikufa. Ya mwisho ilifungwa miaka ya 1990, maana yake waliopitia humo unapanda nao basi. Tume ya Ukweli na Maridhiano ilitoa miito 94 ya hatua mwaka 2015, na tangu 2021 Septemba 30 ni siku ya kitaifa ya kuwakumbuka. Watu huvaa fulana za rangi ya chungwa.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu ya kitu kimoja. Mgeni akifika hapa, mara nyingi mhamiaji mwenzake humwambia: jihadhari na wenyeji, ni walevi, hawataki kazi. Neno hilo likifika kwako, lizime. Sisi tunajua ukoloni ulivyofanya. Msomaji wa Kenya aliyevishwa kibao shuleni kwa kosa la kusema lugha ya nyumbani anajua mwanzo wake. Mwenyeji wa hapa hakunyang'anywa lugha tu, alitenganishwa hata na mama yake. Tangu Oktoba 2023 Manitoba inaongozwa na Wab Kinew, wa kabila la Waanishinaabe, mtu wa kwanza wa Mataifa ya Kwanza (ndivyo wanavyoitwa wenyeji wasio Wainuiti wala Wametisi) kuwa waziri mkuu wa jimbo, ambaye baba yake alipitia shule ya bweni.

Usije pia ukidhani sisi ni wa kwanza. Uso wa Viola Desmond, mwanamke mweusi wa Nova Scotia aliyekataa mwaka 1946 kuhama kiti cha wazungu katika sinema, uko kwenye noti ya dola 10. Naheed Nenshi, meya wa Calgary kuanzia 2010 hadi 2021, ni mtoto wa wazazi waliotoka Tanzania.

Ukitaka uraia, utajibu maswali 20 ya jiografia, historia na serikali, na kupasi ni 15. Tangu 2021 kiapo chenyewe kinataja mikataba na haki za Mataifa ya Kwanza, Wainuiti na Wametisi, kwa hiyo utaapa kuziheshimu kwa mdomo wako. Kitabu cha kusomea mtihani ni bure kwenye tovuti ya idara ya uhamiaji, kwa Kiingereza na Kifaransa. Kianze ungali Dar. Kuhusu shule za bweni kinagusia kwa ufupi tu, basi ongeza muhtasari wa ripoti ya Tume, nao pia ni bure mtandaoni.