Maswali na majibu: Detour, filamu ya lifti yenye nuksi

Filamu noir (zile za zamani za uhalifu, zenye giza na mikosi) zote maarufu za Humphrey Bogart nimezimaliza. Ipi haitajwi sana lakini inastahili kutafutwa?

Tafuta Detour ya mwaka 1945, iliyoongozwa na Edgar G. Ulmer. Ni dakika 68 tu. Al Roberts, mpiga piano wa klabu moja New York, hana nauli, kwa hiyo anaomba lifti njia nzima kumfuata mchumba wake Los Angeles. Mwanamume mmoja anampakia, na hapo ndipo nuksi inapoanza. Mkague vizuri huyo dereva mkononi: ana mikwaruzo mirefu. Usiisahau.

Humu hamna stelingi. Kila Al anapofika njia panda anashika njia inayomzamisha zaidi, na anayetusimulia yote ni yeye mwenyewe, huku akijitetea. Msikilize kama hakimu anavyomsikiliza mshtakiwa: linganisha anachosema na unachokiona. Ann Savage, anayeigiza Vera, anaingia filamu ikikaribia katikati. Mara ya kwanza amekaa kwenye gari kama aliyesinzia, mara anafumbua macho na kumgeukia Al ghafla. Chai ipikwe kabla ya hapo, kwa sababu baadaye hutapata nafasi ya kunyanyuka.

Nimeipata mtandaoni, lakini nyuso ni nyeupe kama chaki na sauti inakwaruza. Ndivyo ilivyo?

Hapana, umepata nakala mbovu. Sheria ya Marekani ya wakati ule ilitaka haki miliki iombwe upya baada ya miaka 28. Ya Detour haikuombwa, filamu ikawa mali ya umma, na kila mtu akanakili nakala ya nakala. Kila inaponakiliwa, rangi za kijivu hupotea. Hubaki nyeusi tupu na nyeupe tupu. Tafuta iliyorejeshwa mwaka 2018 na Academy Film Archive pamoja na The Film Foundation. Namna rahisi ya kuitambua ni onyesho la mkahawani, mwanzoni kabisa: taa zinafifia, uso wa Al unabaki gizani na mwanga unaangukia machoni. Kwenye nakala nzuri utaona jasho na ndevu zilizoanza kuota. Kwenye mbovu ni doa jeupe.

Kagua na televisheni yako. Picha ina umbo la karibu mraba, kwa hiyo lazima ibaki mistari myeusi kulia na kushoto. Ukiivuta ijaze skrini, nyuso zinavimba. Zima pia kile kinacholainisha mwendo wa picha (Samsung wanakiita Auto Motion Plus au Picture Clarity, LG wanakiita TruMotion). Kikiwa kimewashwa, filamu ya zamani inaonekana kama tamthilia ya jioni.

Mbona kuna mahali magari yanapita kushoto na usukani uko kulia, kama kwetu?

Una jicho kali. Kwenye baadhi ya picha za kuomba lifti, filamu iligeuzwa ubavu, kulia ikawa kushoto kama kwenye kioo. Al anatoka mashariki kwenda magharibi, na kwenye ramani hiyo ni kutoka kulia kwenda kushoto. Ilitakiwa na kwenye skrini aelekee upande huohuo. Kurudia kupiga picha ni gharama, kugeuza filamu ni rahisi. Ndiyo maana anaonekana akipandia upande ambao kwa Marekani ni wa dereva.

Ni kweli ilipigwa kwa siku 6?

Ulmer mwenyewe aliisimulia hivyo, ila kumbukumbu za studio zinaonyesha siku zaidi, na gharama ya takriban dola 100,000. Kwa Hollywood hizo bado zilikuwa pesa ndogo sana. Angalia mtaa wa New York: ukungu mzito, taa na kibao cha jina la mtaa, basi. Mtaa wenyewe haukujengwa. Lakini wapenzi wawili wanaotembea ndani ya ukungu ule wanaonekana tayari wamepotea, na kwa pesa nyingi tusingeupata.

Mwisho wake umekatika ghafla. Kwa nini?

Kama hujaitazama, ruka hapa. Kanuni za maadili za Hollywood zilikataza mhalifu aachiwe. Kwa hiyo polisi wanasimamisha gari na kumchukua. Ila sikiliza maneno yake: anasema *siku moja* litasimama gari ambalo hakuliomba lifti. Huenda hajakamatwa bado. Huenda tunaona anachokiogopa.

Nifuatishe ipi?

The Hitch-Hiker ya mwaka 1953, dakika 71, iliyoongozwa na Ida Lupino. Safari hii muuaji ndiye anayeomba lifti, kwa marafiki wawili waliotoka kwenda kuvua samaki. Jicho lake moja halifungiki, kwa hiyo usiku mateka hawajui kama amelala au anawatazama. Wakifika Mexico watu wanaongea Kihispania bila tafsiri. Nakala yako haina kasoro. Muuaji naye haambulii neno, na ndiyo sababu anazidi kuwa hatari.