Mtoto wa miezi mitano anajuaje sauti inatoka wapi?

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu ana miezi mitano. Nikitwanga kisamvu anaukodolea macho mchi, na baba yake akiita kutoka uani anageukia mlangoni. Lakini redio inayoimba kutwa nzima haimshughulishi. Ameshajua kwamba sauti ina mwenyewe? Na je, nimwekee katuni kwenye simu ajifunze upesi? Mama, Ujiji.

JIBU: Marahaba, mama. Ndiyo, ameshaanza kujua, na kinachomsaidia zaidi ni wakati. Mchi ukitua, kishindo kinasikika papo hapo, tena kwa mdundo uleule. Watoto wachanga ni wepisi wa kuunganisha mambo yanayotokea kwa pamoja. Redio yako haina kinachocheza mbele ya macho yake, na kwa kuwa haizimwi, ameshaizoea.

Mwaka 1976 Elizabeth Spelke, mtafiti wa Marekani, aliwaonyesha watoto wa miezi minne filamu mbili zilizowekwa ubavu kwa ubavu, sauti ikiwa ya moja tu. Walitazama zaidi ile yenye sauti yake. Mwaka 1982 Patricia Kuhl na Andrew Meltzoff wakaenda mbali zaidi: uso mmoja ulitamka "a", mwingine "i", na midomo ikafunguka kwa wakati mmoja. Hapo wakati haukuwa na msaada tena, lakini watoto wa umri wa mwanao waliutazama zaidi mdomo unaolingana na sauti. Jambo hilo hunishangaza hadi leo, maana hata "mama" hawajaweza kutamka!

Akikaribia miezi minane huenda ukamwona anakutazama mdomo kuliko macho. Usione haya, ongea naye uso kwa uso, hata ukiwa unachambua dagaa.

Katuni hapana. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, halishauri skrini kabisa kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Akisema "aguu" wewe unamjibu. Simu inaendelea na mambo yake.

Jambo moja la kuangalia: mchi si kipimo cha masikio, kwa sababu anauona ukienda juu na chini. Baba aliye uani ndiye kipimo kizuri, kwani hamwoni. Ikitokea akaacha kugeukia sauti asizoziona, au kama aliwahi kuugua homa ya uti wa mgongo, au alipata manjano kali ya watoto wachanga (ngozi na macho kuwa njano), mpeleke hospitali akapimwe usikivu. Usisubiri hadi achelewe kusema.