Bega limeganda, nivutwe kwa nguvu au taratibu?

SWALI: Habari mtaalamu, mimi mama wa miaka 52 nauza dagaa Kibirizi hapa Kigoma, bega la kushoto lilianza kuuma usiku silali, saivi hata kuchana nywele siwezi. Fizio wetu, yule mtaalamu wa tiba ya mazoezi ya viungo, mwanzo alikuwa anavuta mkono kwa nguvu mpaka nalia, sasa karudi kutoka mafunzoni anasema twende taratibu. Ndo kanikatia tamaa?

JIBU: Pole sana mama, hajakata tamaa, msikilize. Inaonekana bega limeganda, yani ule mfuko unaozunguka kiungo umevimba ukakakamaa, na wakati bado linauma sana ukilivuta kwa nguvu unalichokoza zaidi. Kuna utafiti wa Uholanzi wa 2004, wagonjwa 77, waliofanya mazoezi bila kuvuka maumivu walipona vizuri kuliko waliolazimishwa, sasa fizio asiyerudi darasani atayajuaje haya? Mimi natamani kila hospitali ya wilaya iwape mafizio wake hiyo nafasi ya kurudi darasani.

Nyumbani inama, shika meza kwa mkono mzima, huo mbovu uachie uning'inie uuzungushe kidogo kidogo, kutwa mara mbili tatu hivi. Maumivu yakikaa hadi kesho yake punguza. Beseni la dagaa mwachie kijana abebe kwanza.

Alafu kapime sukari mama, wenye kisukari linawapata sana hili. Kupona ni mwaka, wengine hata miwili mitatu, ila ukiona mkono unakufa ganzi au una homa usisubiri kliniki, nenda hospitali siku hiyohiyo.