Barua kwa mwanangu: madirisha manne ndani ya sudoku

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka hapa Lubumbashi. Sote tuko wazima, baba yako anakusalimu sana, na mdogo wako kila siku anauliza utakuja lini. Picha ya fumbo lako nimeipata, na swali lako nimelisoma zaidi ya mara moja: "Mama, sudoku hii haina hata namba moja iliyojazwa, ina vizimba vyenye jumla tu, halafu ndani wameweka miraba mingine minne ya kijivu. Nianzie wapi? Na hiyo ya kijivu si wananiongezea mzigo tu?" Ukasema pia kwamba wenzako kazini wanakushauri ubahatishe namba moja, kisha uone itakufikisha wapi.

Usibahatishe. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonigusa zaidi. Fumbo lililotungwa vizuri lina jibu moja tu, na jibu hilo hufikiwa kwa hoja, hatua baada ya hatua. Anayebahatisha akapatia atakuwa amejaza karatasi, lakini ukimuuliza kwa nini 7 iko hapa na si pale, hana la kukujibu. Wewe tangu utotoni ulikuwa mtoto wa "kwa nini, mama?", na sitaki uiache tabia hiyo kwa haraka ya kumaliza.

Sasa tuje kwenye hiyo miraba ya kijivu, ambayo mimi nitaiita madirisha. Unaiona kama mzigo kwa kuwa ni sharti la ziada. Lakini kila sharti la ziada linaipunguzia namba mahali pa kukaa, na ukishapunguza vya kutosha, panabaki mahali pamoja. Sudoku ya kawaida ina mistari 9, safu 9 na miraba 9, na kila kimoja kinataka namba zote 1 hadi 9 bila kurudia, kwa hiyo jumla yake ni 45, maana 1 hadi 9 ukizijumlisha zote unapata 45. Kwenye sudoku ya vizimba, yaani visanduku vilivyozungushiwa pamoja na kupewa jumla ya namba zake, hiyo 45 ndiyo silaha yako ya kwanza. Hapa umepewa 45 nyingine nne bure. Na ziko tano zaidi ambazo mchoraji hakuzipaka rangi. Hizo nitakuonyesha mbele kidogo, maana ndizo ninazozipenda kuliko zote.

Tuelewane kwanza kuhusu majina. Mistari ni ya kulala, wa 1 juu na wa 9 chini. Safu ni za kusimama, ya 1 kushoto na ya 9 kulia. Madirisha yamekaa kwenye mistari ya 2 hadi 4 na ya 6 hadi 8, katika safu za 2 hadi 4 na za 6 hadi 8. Kila dirisha lina visanduku 9 na linataka namba zote 1 hadi 9. Ndani ya kizimba pia namba hairudiwi. Mpango huu wa madirisha ulianza kuchapishwa kwenye gazeti la NRC Handelsblad la Uholanzi mwaka 2005, na mwaka huohuo sudoku ya vizimba ilianza kutoka kwenye gazeti la The Times la Uingereza. Aliyekutungia fumbo lako ameziunganisha mbili hizo.

Nimechukua kaye na biki, nikalinakili dirisha la juu kushoto kama lilivyo kwenye picha. Mstari wa 2 una kizimba cha visanduku vitatu, jumla 23. Chini yake, kwenye mstari wa 3, safu ya 3 na ya 4 zimeshikana kwa jumla ya 8. Kizimba cha 7 kinaanzia mstari wa 3 safu ya 2, kinashuka hadi mstari wa 4, kisha kinapinda kwenda safu ya 3. Kinabaki kisanduku kimoja cha pembeni, mstari wa 4 safu ya 4, ambacho kimeungana na jirani yake aliye nje ya dirisha, safu ya 5, kwa jumla ya 16.

Kabla hujafikiria namba yoyote, jumlisha vizimba vilivyo ndani kabisa: 23 na 8 na 7 ni 38. Toa 38 kwenye 45, inabaki 7. Basi kile kisanduku cha pembeni ni 7, na jirani yake wa nje ni 9, kwa kuwa 16 ukitoa 7 ni 9. Umeona? Namba mbili za uhakika, kwenye fumbo lililokuja bila namba hata moja.

Sasa tazama vizimba vyenyewe. Visanduku vitatu vya jumla 7 haviwezi kuwa na kingine ila 1, 2 na 4. Vitatu vya 23 ni 6, 8 na 9 tu. Dirishani zimebaki 3, 5 na 7. 7 tumeshaiweka, kwa hiyo kizimba cha 8 ni 3 na 5, na kweli 3 na 5 ni 8. Njia mbili tofauti zimekutana. Ni kama daftari la likelemba, ule mchango wetu wa zamu: unajumlisha kwa kulala, unajumlisha kwa kusimama, na hesabu zikikutana unajua hakuna mwanachama aliyeibiwa. Kila unapopata nafasi ya kuhakiki namna hii, hakiki.

Jumla zenye njia moja tu zikae kichwani, mwanangu, zitakuokolea muda. Visanduku viwili: 3, 4, 16 na 17. Vitatu: 6, 7, 23 na 24. Vinne: 10, 11, 29 na 30. Nyingine zote utazipata kwa kupunguza polepole.

Sasa yale madirisha yasiyochorwa. Chukua mistari ya 2, 3 na 4 kwa pamoja. Kila mstari una namba zote, kwa hiyo ndani ya mistari hiyo mitatu kila namba imo mara tatu kamili. Madirisha mawili yaliyolala humo yanachukua kila namba mara mbili, moja kwa kila dirisha. Vinabaki visanduku 9 vilivyo nje ya madirisha, kwenye safu ya 1, ya 5 na ya 9. Humo kila namba lazima iwemo mara moja. Kumbe visanduku hivyo, ingawa vimetawanyika kushoto, katikati na kulia, ni dirisha kamili, na jumla yake ni 45! Fanya hivyohivyo kwa mistari ya 6 hadi 8, kisha kwa safu za 2 hadi 4 na za 6 hadi 8. La tano ni vile visanduku 9 ambako mistari ya 1, 5 na 9 inakutana na safu za 1, 5 na 9. Mimi hoja hii nilipoifuata mara ya kwanza niliweka biki chini nikaitazama tu karatasi, maana hakuna sharti jipya lililoongezwa. Yote yalikuwa yamo tayari ndani ya yale manne.

Turudi kazini. Ile 9 ya mstari wa 4 safu ya 5 imo kwenye dirisha lililofichika la mistari ya 2 hadi 4. Kwa hiyo 9 haiwezi kukaa mstari wa 3 safu ya 1, wala ya 5, wala ya 9. Dirisha la kushoto nalo lina 9 yake kwenye mstari wa 2, ndani ya kizimba cha 23. Basi 9 ya mstari wa 3 iko dirisha la kulia, safu ya 6, ya 7 au ya 8. Lakini safu ya 7 na ya 8 zimefungwa kwenye kizimba cha jumla 5, ambamo 9 haiingii. Andika 9 kwenye safu ya 6. Bila dirisha lililofichika ungebaki na mashaka juu ya safu ya 1 na ya 9.

Na hicho kizimba cha 5 usikiache bado. Ni 1 na 4, au 2 na 3. Mstari huohuo una 3 tayari, ile iliyo na 5 kwenye kizimba cha 8, kwa hiyo ni 1 na 4. Basi mstari wa 3 safu ya 2, iliyokuwa inasubiri kati ya 1, 2 na 4, sasa ni 2. Mstari wa 3 umebaki na 6, 7 na 8 tu, nazo zinaingia safu ya 1, ya 5 na ya 9. Na kwa vile visanduku hivyo vitatu vimo kwenye dirisha lilelile lililofichika, 6, 7 na 8 zifute kwenye safu hizo katika mstari wa 2 na wa 4.

Nimekuachia hapo makusudi. Nenda sasa dirisha la chini kulia: jumlisha vizimba vilivyo ndani kabisa, uone visanduku vya dirisha vilivyoungana na vya nje ni vingapi. Kikiwa kimoja, unajua la kufanya. Vikiwa viwili, utapata jumla ya viwili hivyo. Iandike pembeni kwa kreyo, itakufaa baadaye. Ukimaliza hilo, chukua dirisha lililofichika la mistari ya 6 hadi 8. Ukikwama, nitumie picha ya ulipofika pamoja na sababu ya kila namba uliyoweka, hasa sababu.

Mama yako akupendaye,
Lubumbashi