"Madam, Hii Si Sigara"

Jumamosi moja ya Agosti nilinusa embe hotelini kwangu. Siuzi embe, wala Agosti si msimu wake. Nikaifuata harufu hadi meza ya dirishani, nikakuta vijana wanne wanakula chapati na madondo, yaani maharagwe, na mmoja wao ameshika kitu cha rangi ya waridi, kama zile kalamu nene za kupakia maandishi rangi. Akakivuta, akashusha wingu jeupe juu ya bakuli la madondo.

"Kijana, hapa hatuvuti," nikamwambia, kidole nimekielekeza kwenye bango.

Hakukasirika. Aligeuka akalisoma kwa sauti, polepole, kama mtoto wa darasa la pili: "U-si-vu-te si-ga-ra." Kisha akanitazama. "Madam, hii si sigara. Hakuna moto, hakuna moshi. Ni mvuke tu, kama wa chai yako."

Meza yao ikacheka. Meza ya jirani nayo ikacheka, na hao walikuwa wateja wangu wa kila siku. Nikarudi kaunta nikijifanya natafuta chenji.

Tangu hapo wenzangu wenye hoteli, saluni na vinyozi wamekuwa wakiniuliza nilifanyaje, maana sasa vepu, hizi sigara za kielektroniki, zimejaa kila mahali na kila mmoja ana kijana wake wa embe. Nimechoka kusimulia mmoja mmoja, kwa hiyo naandika hapa, makosa yangu yakiwemo.

Mimi si mgeni wa shughuli hii. Mwaka 2007 nilikuwa mhudumu katika hoteli nyingine hapa hapa Nakuru. Mji wetu ulikuwa miongoni mwa ya kwanza Kenya kupiga marufuku uvutaji hadharani, tena kwa sheria ndogo za baraza la mji, Bunge likiwa bado linavutana. Nairobi nayo ikaingia Julai mwaka huo huo. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya nchi nzima ilitiwa saini Agosti, ikaanza kutumika Julai 2008. Nakumbuka asubuhi ambayo meneja wetu alipita meza hadi meza na sufuria, anakusanya visahani vya majivu. Vilioshwa, vikawa vya kuwekea vijiti vya meno. Tulidhani wateja watahama. Wazee wa Kenyatta Avenue waliokuwa wakimaliza gazeti kwa sigara tatu, tukasema hao ndio basi tena.

Hawakuhama. Na naomba hapa mnisikilize, kwa sababu ndilo jambo lenyewe. Meneja yule hakuwahi kubishana na mtu kuhusu sigara. Alitutuma tuweke benchi nyuma, karibu na tangi la maji, na mkebe wa rangi uliojazwa mchanga. Mtu akitoa pakiti mfukoni, unamwahi kabla ya kiberiti: "Mzee, benchi liko nyuma, chai yako nakuletea huko." Anaonyeshwa pa kwenda kabla hajaambiwa asifanye. Miaka hii yote baadaye, mwenye hoteli nikiwa mimi, nikasahau somo hilo na kwenda kubishana na mtoto kuhusu mvuke.

Kuhusu sheria, nitasema ninachokijua na nisijifanye wakili. Sheria ya 2007 inakataza kuvuta tumbaku mahali pa umma, na hoteli ni mahali pa umma, kama ilivyo matatu, ofisi na soko. Faini yake ni hadi shilingi 50,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Kanuni za 2014 zikaongeza barabara, njia za miguu na veranda. Kampuni ya sigara ikazipinga kortini ngazi baada ya ngazi, mpaka Mahakama ya Juu ikazithibitisha Novemba 2019. Kwenye vepu ndipo penye utata. Sheria iliandikwa na watu wenye picha ya sigara yenye moto kichwani. Lakini hiyo hiyo inahesabu kitu chochote kilichokamuliwa kutoka jani la tumbaku kuwa bidhaa ya tumbaku, na nikotini ya vepu nyingi inatoka huko huko. Kila upande una pa kushika. Mwaka 2024 ukapelekwa muswada Seneti wa kuziba pengo hilo kwa kuzitaja waziwazi sigara za kielektroniki. Mtoza ushuru, kama kawaida yake, hakungoja: tangu 2015 sheria ya ushuru ilikuwa imeshaziandikia shilingi 3,000 kwa kila kifaa.

Nayo kaunti? Jedwali la Nne la Katiba limezikabidhi kaunti udhibiti wa uchafuzi wa hewa, kelele na kero nyingine za umma. Kwa lugha yetu ya sokoni, wingu la embe linalomkera jirani ni la kaunti, liwe na tumbaku au lisiwe nayo. Ndiyo maana nawashauri wenzangu wasijifiche nyuma ya maneno "lakini haijaandikwa". Haihitaji kuandikwa ndipo uweke utaratibu mlangoni pako. Unaruhusiwa kukataa viatu vyenye tope, utashindwaje kukataa mvuke?

Sasa makosa yangu. Baada ya aibu ile ya Jumamosi niliona nimepata ufumbuzi wa kati: vepu zivutiwe veranda. Nilijiona mwerevu kwa wiki mbili hivi. Kisha mvua ikanyesha, ile ya Nakuru inayokuja na upepo kutoka upande wa Menengai, wateja wote wakasogea ukutani, na wingu lote likarudi ndani kupitia dirisha la jikoni. Mpishi wangu, mama mmoja wa Njoro, ana pumu. Aliacha karai la mafuta motoni, akatoka nje amejishika kifua, na mimi nikaenda mbio kutafuta mkoba wake wenye dawa ya kupuliza. Alipopata pumzi aliniambia kitu kimoja tu: "Mama, mimi huu mvuke wa chai naujua. Ule si mvuke."

Na kweli si mvuke. Maji yakichemka yanatoa mvuke. Kile kifaa kinachemsha majimaji ya glisirini na kemikali nyingine, pamoja na nikotini na ladha za kutengenezwa, halafu kinatoa chembe ndogo ndogo mno zinazoingia kifuani mwa yeyote aliye karibu. Kwamba ni afadhali kuliko sigara kwa anayevuta, hilo anaweza kulijadili na daktari wake. Mpishi wangu hakuwa amechagua chochote.

Siku chache baadaye akaja afisa wa afya ya umma kukagua vyeti vya wapishi. Akaangalia vyeti, akaangalia choo, akasimama mbele ya bango langu. Akaniuliza, bila ukali, kama najua veranda nayo imo kwenye kanuni. Sikujua. Tukazunguka naye nyuma ya jengo, akanionyesha pembe iliyo mbali na dirisha, mbali na mlango, mbali na maji, akasema pale ndipo ningeanza kufikiria. Hata kama una ugomvi na leseni, mtu huyu muulize. Anajua vitu ambavyo wakili atakutoza pesa kukuambia.

Bango nililibadilisha. Mchoraji alinitoza kwa herufi, ndiyo maana ni fupi: HAPA HATUVUTI KITU. SIGARA, VEPU, SHISHA. BENCHI LIKO NYUMA. Neno "kitu" ndilo lililomaliza ubishi, na sentensi ya mwisho ndiyo inayofanya kazi. Bango lililo na "usifanye" peke yake linamwacha mtu na hamu yake mkononi. Liweke mahali macho yanapotua mtu akikaa, si juu ya mlango ambako anaingia akiangalia simu.

Ila bango ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni wahudumu, na hao nimewafundisha maneno hasa ya kusema. Si "umevunja sheria". Si "utapigwa faini", kwa sababu atauliza faini ya vepu ni ngapi, na inatozwa na nani, na wewe huna jibu. Wanasema: "Boss, ukitaka kuvuta, pitia ujia wa kando, kuna benchi. Chakula nakifunika." Hilo la kufunika chakula lina uzito kuliko Katiba. Mtu anaogopa kurudi akute nzi kwenye ugali wake. Wasimnyang'anye mtu kifaa, wasimguse, wasipaze sauti. Akikataa mara ya pili wananiita mimi, nami nasema maneno yale yale kwa sauti ya chini zaidi. Mpaka leo aliyekataa mara ya tatu ni mmoja, na huyo alikuwa amelewa, kwa hiyo simhesabu.

Choo ndicho kilichonishinda kwa muda. Sigara ikivutwa chooni inajisema yenyewe. Vepu inakuachia harufu ya stroberi ambayo huwezi kujua ni mtu au ni sabuni mpya. Nilichofanya ni kuondoa komeo la mlango wa nje na kutundika bango la pili ndani. Imepungua. Haijaisha. Wanafunzi wakija na sare siwaulizi chooni, nawauliza mezani, wakiwa wanaona aibu mbele ya wenzao. Hawa hawapaswi hata kuuziwa, na hapo sina upole.

Kulikuwa na mzee wa ugoro pia. Alilisoma bango jipya akaniita kando, uso umejaa wasiwasi: "Hotelini kwako sasa hata mimi nimefukuzwa?" Nikamwambia ugoro hauvutwi, unanuswa. Akasema, "Bango linasema kitu." Tukakubaliana asipige chafya karibu na mandazi.

Kama wewe ndiwe unayevuta vepu, usidhani nimekuandika kama adui. Mdogo wangu wa mwisho alivuta sigara miaka kumi na moja, sigara moja moja za kibanda, zile ambazo sheria ilikataza kuuzwa hivyo na zinauzwa hivyo kila kona. Aliacha kwa vepu. Sasa anaendesha lori la Mombasa hadi Kampala, na kutoka kwake nilijifunza kwamba sheria inabadilika unapovuka mpaka. Uganda, kwa sheria yao ya 2015, sigara za kielektroniki haziruhusiwi kuingizwa wala kuuzwa, na sigara ya kawaida huruhusiwi kuivuta ndani ya mita 50 kutoka mahali pa umma. Kwa hiyo ukisafiri, usiulize "huko wanaruhusu?" Uliza mji, uliza jengo, uliza gari unalopanda. Na ukiingia mahali pa mtu, uliza kabla ya kuvuta. Swali hilo linachukua muda mfupi kuliko pumzi moja ya embe, na mimi mtu akiniuliza humpeleka benchi mwenyewe.

La mwisho ni mikutano ya umma. Kaunti ikitaka kutunga sheria au kupandisha ada lazima iite wananchi watoe maoni. Tangazo hubandikwa, tunapita, halafu tunakuja kulalamika. Nendeni. Yaliyoikuta shisha yanatosha kutufundisha: ilipigwa marufuku nchi nzima Desemba 2017, lakini Januari 2024 hakimu wa Shanzu, Mombasa, akawaachilia watu 48 waliokamatwa kwa ajili yake, kwa kuwa kanuni hazikuwa zimepitishwa bungeni kama ilivyotakiwa. Sheria iliyopikwa haraka hutolewa mbichi. Zamu ya vepu ikifika kwenye kaunti yenu, nendeni na karatasi moja iliyoandikwa, hata kwa mkono, muikabidhi na mchukue muhuri. Semeni mnataka nini hasa. Mimi nitataka bango la aina moja kwa mji mzima, lenye Kiswahili kinachosomeka, na orodha ya mahali isiyoacha shaka kuhusu veranda. Na nitataka sehemu za kuvutia zitengwe mjini kabla ya mtu wa kwanza kukamatwa, maana ukimfukuza mtu kila mahali bila kumwonyesha pa kwenda, anaishia chooni kwangu.

Yule kijana wa embe bado anakuja. Chapati mbili, madondo, chai ya maziwa. Siku hizi anapita moja kwa moja ujia wa kando, na akirudi hukuta sahani imefunikwa. Mdogo wangu naye alipita jana alfajiri na lori, akanywa chai amesimama, akaniachia kifaa chake kama anavyofanya kila akielekea Malaba, mpakani mwa Uganda. Nakiweka kwenye droo ya pesa, chini ya kitabu cha risiti, mpaka Alhamisi atakaporudi. Ni cha ladha ya mnanaa. Leo asubuhi mama mmoja nilipomrudishia chenji aliinusa ile noti ya mia, akaniangalia, akainusa tena.